Mzigo wa Mchukuzi ni Suala la Haki



Torati yatuamuru kumsaidia hata punda aliyelemewa na mzigo (Kut 23:5). Je, mchukuzi atokaye ghalani na gunia la mahindi la kilo 100 mgongoni, kuelekea mashine ya kusaga, ana thamani ndogo kuliko punda? Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Uti wa mgongo ukiumia, ujira wa siku hauuponyi. Waamini wenye mashine na maghala, pakieni magunia madogo, nunueni toroli, fagieni unga utelezeshao miguu njiani. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, ulizeni hali za wachukuzi walio kati yenu. Sadaka iliyochumwa kwa kumvunja ndugu haimpendezi Mungu.