Saikolojia ya Kazi Siyo Kozi ya Kupotezea Muda

Kila dirisha la udahili likifunguliwa tunasikia wimbo uleule. Soma udaktari. Soma uhandisi. Soma ualimu wa hisabati. Binti akisema anataka kusoma saikolojia ya kazi, mjomba anacheka: "Hiyo nayo ni kozi? Utaajiriwa wapi?" Na serikali inaongea kama mjomba. Miongozo ya mikopo inazitanguliza kozi za sayansi, tiba na uhandisi. Samia Skolashipu iliyoanza 2022 ni ya waliofaulu sayansi. Nyie wengine mtajiju.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo sitetei kozi yangu. Natetea kitu ambacho sheria yenyewe inakihitaji na haina. Ninachosema ni hiki: nchi isiyosomesha watu wa kupima madhara ya kazi kwenye akili ya mfanyakazi, imeamua mapema nani atashinda kesi. Na siyo mfanyakazi.

Tufungue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi mwenyewe na bado ikahesabika kuwa mwajiri ndiye kamwachisha, endapo mwajiri alifanya kazi isivumilike. Safi kabisa kwenye karatasi. Ila ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wewe uliyeacha kazi ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba haikuvumilika. Na una siku 30 tu za kupeleka mgogoro. Utathibitisha kwa nini? Kwa machozi?

Nikiwa mafunzo kwa vitendo kwenye kituo kimoja cha msaada wa kisheria nilikutana na dada aliyekuwa keshia kwenye duka kubwa. Bosi hakumpiga wala hakumtukana. Alimbadilishia zamu usiku wa kuamkia siku ya kazi. Kwenda chooni ilibidi aombe kwenye kundi la WhatsApp, watu wote wasome. Kila asubuhi makosa yake ya jana yalisomwa mbele ya wenzake. Baada ya miezi minane alikuwa halali usiku, na mikono ilimtetemeka akishika noti. Akaacha kazi.

Upande wa mwajiri uliuliza swali moja tu: ushahidi uko wapi kwamba ni kazi iliyomfanya hivyo, na siyo mambo ya nyumbani kwake? Mkononi alikuwa na cheti cha zahanati kilichoandikwa "presha, apumzike". Shauri likafia hapo. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maoni ya mtaalamu. Sasa niambieni, huyo mtaalamu tungemtoa wapi?

Kiwandani mtu akikatwa kidole na mashine, kidole kinaonekana. Akiwa kiziwi kwa kelele, kuna kipimo cha masikio. Lakini zamu zinazovunja usingizi, malengo ya mauzo yasiyofikika, msimamizi anayetawala kwa aibu, hayo yote yanaitwa "changamoto za kazi". Unaambiwa vumilia, wenzako wako mtaani wanaitafuta hiyo nafasi.

Na msidhani haya ni mambo ya kufikirika. Uingereza, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, iliunda kamati mwaka 1915 kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Ikaonekana kwamba kumfanyisha mtu saa nyingi kupita kiasi hakuongezi mazao ya kiwanda. Mwaka 1985 ukaanza utafiti wa Whitehall II, uliofuatilia watumishi wa umma zaidi ya 10,000 wa London. Ulionyesha kwamba wasio na uamuzi wowote juu ya kazi yao walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua moyo. Kuamrishwa tu kutwa nzima kunaingia mpaka kwenye mishipa. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba Na. 190, unaotaja waziwazi madhara ya kisaikolojia kama sehemu ya ukatili kazini.

Tena tusiende mbali. Hapo Nairobi, Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja machapisho ya Facebook, alifungua kesi mwaka 2022 dhidi ya Meta na kampuni ya Sama. Alisema kutazama ukatili kila siku kulimuumiza akili. Mwaka uliofuata wachujaji wengine zaidi ya 180 nao wakaenda mahakamani. Mwishoni mwa 2024 ripoti za daktari wa afya ya akili ziliwasilishwa mahakamani, zikionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao wana athari kali za kiwewe. Mnaona tofauti? Wale hawakwenda na cheti cha "apumzike". Daktari anasema mtu anaumwa nini. Mwanasaikolojia wa kazi anaeleza kazi ilipangwaje mpaka ikamuumiza. Kesi inawahitaji wote wawili.

Najua kuna wenzetu humuhumu ndani ya vuguvugu wanaosema hii ni elimu ya mabosi, imetungwa ili mfanyakazi akamuliwe huku anatabasamu. Wana hoja. Wataalamu wa mwanzo walilipwa na viwanda, na swali lao lilikuwa namna ya kuongeza uzalishaji. Hapa kwetu pia, mara nyingi inafundishwa kama somo moja ndani ya usimamizi wa rasilimali watu: namna ya kuchuja waombaji, namna ya kupima utendaji. Anafundishwa mtu wa ofisi ya mwajiri.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuingia, siyo ya kukimbia. Sheria nayo imewatumikia wenye nacho miaka mingi. Mbona tunaisoma? Elimu uliyoiachia upande mmoja itakupiga daima.

Kuhusu "utaajiriwa wapi", hilo swali waulizwe wanaoshika bajeti. Wakaguzi wa usalama na afya kazini, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, tume ya usuluhishi, vyama vya wafanyakazi, vyote vinamhitaji mtu huyu. Serikali haiwezi kukataa kufungua nafasi halafu ikasema kozi haina nafasi. Kwenye makato iko makini sana: ukipata kazi, 15% ya mshahara wako inarudi Bodi ya Mikopo bila kuulizwa ulisoma nini. Basi na mkopo utolewe bila kudharau ulichosoma.

Na tusidanganyane. Shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu awe shahidi mtaalamu. Anahitaji shahada ya pili na miaka ya kazi. Ila bila mlango wa kwanza, wa pili atauingiaje?

Kwa hiyo tudai haya matatu, na tuyataje kila tunapopewa kipaza sauti:

Moja, vyuo vikuu vya umma vifungue shahada ya kwanza ya saikolojia ya kazi inayojitegemea, yenye takwimu, mafunzo viwandani na sheria za kazi ndani yake.

Mbili, Bodi ya Mikopo iiweke kozi hiyo kwenye kipaumbele pamoja na za afya, kwa sababu ni kozi ya afya.

Tatu, ukaguzi wa mahali pa kazi upime zamu, malengo na unyanyasaji, kama unavyopima kelele na vumbi.

Wewe unayejaza fomu mwaka huu, usione aibu kuijaza saikolojia. Na wewe uliyeko kazini, anza leo kuandika kwenye daftari: tarehe, saa, umeambiwa nini, nani alikuwepo. Wataalamu tutawadai mpaka wapatikane. Daftari lako lisisubiri.