Shehena Ipite Wapi, na Nani Aamue?

Anayelipa nauli ana haki ya kuuliza chombo kinaelekea wapi. Wakenya tumeilipia reli mpya, nasi tutaendelea kuilipia kwa miaka mingi, sisi na wana wetu. Basi tusione haya kuuliza: shehena inayoshushwa Mombasa ikielekea Kampala, Kigali au Goma, ni nani aliyeamua ipite njia gani, na kwa faida ya nani?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba muumini na mwanaharakati washughulike na haki na amani. Lakini gharama ya kusafirisha gunia la unga au mtungi wa mafuta ndiyo humwamulia mama wa Busia kama watoto wake watakula mara mbili au mara moja. Hilo ni suala la haki.

Tuanze na historia. Reli ya kwanza ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Wafanyakazi wapatao 2,500 walioletwa kutoka India walikufa katika kazi hiyo, na Waafrika walinyang'anywa ardhi ilimopita. Ilikuwa reli ya mkoloni, iliyojengwa kwa manufaa yake. Hata hivyo, ilikuwa na jambo moja la busara: upana wake wa mita moja ulikuwa sawa na ule wa reli za Wajerumani huko Tanganyika. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walijenga njia kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, karibu na Moshi, nayo ikaungana na ile ya Tanga. Mwaka wa 1931 treni ilifika Kampala. Mwaka wa 1963 kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha reli ya Tanga na ile ya kati itokayo Dar es Salaam. Tangu hapo behewa lililopakiwa Dodoma liliweza kufika Nakuru au Kampala bila gunia hata moja kushushwa njiani.

Ziwani nako kulikuwa na meli za kubeba mabehewa, mojawapo ikiwa MV Uhuru. Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyefanya kazi katika reli enzi zile, hupenda kutueleza jinsi mabehewa yalivyoingizwa melini Kisumu kwa magurudumu yake yenyewe, yakavuka ziwa, yakatoka Mwanza au Port Bell na kuendelea na safari. "Sisi hatukuhesabu mizigo mpakani," asema, "tulihesabu mabehewa."

Muungano huo ulibomolewa na wanasiasa. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, vichwa vya treni na mabehewa vikagombaniwa kama mali ya marehemu, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka wa 1983. Mwananchi hakuulizwa. Mwaka wa 2006 reli ya Kenya na ile ya Uganda zilikabidhiwa kampuni moja ya kibinafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo ulivunjwa mwaka wa 2017, na reli ikarudishwa kwa umma ikiwa imechakaa. Hapo pia mwananchi hakuulizwa.

Ndipo ikaja reli ya kisasa. Mwaka wa 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana kujenga reli mpya ya milimita 1,435 kutoka Mombasa hadi Kigali kupitia Kampala. Mwaka huo huo tulianza kutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa ziingiazo nchini. Mkopo mkubwa ulichukuliwa China, na treni ya kwanza ikaingia Nairobi mwaka wa 2017. Mwaka wa 2019 reli ikafika Naivasha. Hapo fedha za China za kuiendeleza hazikupatikana. Rwanda ilikuwa imekwisha kugeuza uso kuelekea Tanzania, na Uganda ilikuwa ikingoja.

Tutafakari maana ya reli kuishia Naivasha. Treni moja ya reli mpya hubeba makontena mia moja na zaidi ya futi ishirini. Ili yafike Malaba kwa reli, makontena hayo hayana budi kuinuliwa kwa kreni, moja baada ya jingine, na kuwekwa juu ya mabehewa ya reli ya zamani. Njia hiyo ya zamani hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na haiwezi kuvuta treni ndefu kama ile iliyotoka Mombasa. Kwa hiyo shehena hugawanywa, husubiri, hulipiwa tena. Mwenye mali akipiga hesabu, huona afadhali lori limchukulie mzigo bandarini na kuufikisha Kampala moja kwa moja.

Jirani zetu wanalijua somo hili. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ina upana wa milimita 1,067, na reli ya kati ya Tanzania ina 1,000. Tofauti yao haifiki upana wa vidole vinne. Lakini kwa sababu ya vidole hivyo, mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine hubidi uhamishwe kule Kidatu.

Serikali ilipoona treni zake hazijai, haikujiuliza kwa nini, ilitoa amri. Mwaka wa 2019 waagizaji waliambiwa kwamba makontena yao lazima yasafirishwe kwa reli mpya hadi bandari ya nchi kavu. Maajenti wa forodha wa Mombasa, madereva na wenye maghala walifungiwa riziki, pamoja na wauza chakula wa Mariakani na Mtito Andei. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba amri hiyo ilikiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Iliondolewa baada ya uchaguzi wa mwaka wa 2022. Mwezi wa Novemba mwaka huo ndipo baadhi ya mikataba ya reli ilipotolewa hadharani, miaka minane baada ya kutiwa saini. Deni lilikuwa letu tangu siku ya kwanza. Karatasi zake zilifichwa.

Tusieleweke vibaya. Hatuipingi treni. Malori yamewaua watu wengi mno katika barabara ya Mombasa na pale Salgaa, na mzigo mzito mahali pake ni relini. Uganda nayo, mwaka wa 2024, ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki ili ijenge reli ya upana huo mpya kutoka Malaba hadi Kampala. Huenda basi tukakutana. Lakini kukutana kwa reli hakuji kwa hotuba za uzinduzi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, mikataba yote ya reli, ya zamani na ya sasa, ichapishwe kikamilifu kama Ibara ya 35 ya Katiba inavyotupa haki ya kupata habari. Pili, mwenye shehena asilazimishwe njia; reli imvute kwa bei na kwa uhakika. Tatu, reli ya zamani isiachwe ife. Ndiyo inayofika Kisumu, Butere, Eldoret na Nanyuki, na ndiyo inayoweza kutuunganisha na Moshi kwa njia ya Taveta, iliyolala miaka mingi ilhali Watanzania wamekwisha kufufua upande wao hadi Arusha. Nne, kabla shilingi nyingine haijakopwa, serikali zetu zikubaliane kwa maandishi, mbele ya mabunge yao, reli zitakutana wapi, kwa upana gani, na kwa utaratibu upi wa forodha.

Nanyi mnaoishi kandokando ya njia hii, kutoka Voi hadi Malaba, lisomeni jambo hili katika jumuiya zenu ndogo ndogo na katika vikao vya parokia. Mwiteni mbunge wenu mumwulize alipiga kura gani kuhusu mkopo wa reli. Mkutano wa kutoa maoni ukitangazwa, nendeni, tena nendeni wengi, na majina yenu yaandikwe. Mara mbili reli hii imegawanywa na kukabidhiwa watu bila sisi kuwapo. Tusikubali mara ya tatu.