Tuufasiri Wenyewe Msemo wa Kichina

Wachambuzi wa siasa za dunia hawachoki kuunukuu msemo wa Kichina taoguang yanghui, unaohusishwa na sera ya Deng Xiaoping baada ya mwaka 1989. Waingereza huufasiri: ficha uwezo wako, ungojee wakati wako. Asomaye hivyo humwona mtu anayevizia.

Hebu tuyachambue maneno yenyewe. Tao ni kuficha, guang, nuru, yang, kulea, hui, ufifi. Wakati haumo, wala kungojea. Tangu kale msemo huu hutumika pia kwa msomi anayejitenga na makuu. Nia ya China na ipimwe kwa matendo yake, si kwa neno lililoongezwa na mfasiri.

Nasi tujihadhari. Anayeufasiri kwa methali yetu, “Kimya kingi kina mshindo mkuu”, amekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi.

Tangu mwaka 2005 Kichina kinafundishwa katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika. Basi kwa nini fikra za Wachina zingali zinatufikia kupitia London na Washington? Walimu, wafunzeni vijana kufasiri moja kwa moja kwa Kiswahili.