SIMBILISI HALISHWI PUMBA TUPU, MSHIKAJI!

Haya, wa Mbinga mjini, wa Mbamba Bay, wa Liuli, na nyie mliohamia Dar mkasahau nyumbani! Wiki hii mapenzi tunayaweka kando kidogo, tunazungumzia simbilisi. Ndiyo, simbilisi, usicheke! Yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, anayepiga kelele “wii wii” akisikia tu mtu anaingia na majani. Wapo wanaomwita pimbi, lakini pimbi mwenyewe ni yule wa majabalini. Huyo ukimwingiza kwenye chumba cha kupanga, utahama wewe.

Simbilisi ni mnyama wa kijana asiye na shamba. Hataki eneo kubwa, mimba yake ni kama siku 68, na vitoto vinazaliwa na manyoya, macho wazi, vinakimbia siku hiyo hiyo. Wengine wanamfuga wa kuchezea watoto, wengine wa mboga. Hilo mtamalizana wenyewe.

Kasheshe inaanza kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba majani yanakauka, yale ya kando ya barabara yanageuka vumbi tupu. Mtu anaona isiwe tabu, anakwenda mashine ya kusaga, anajaza pumba za mahindi kwenye kiroba, mwezi mzima kazi imekwisha. Wanyama wanakula kwa fujo, naye anajiona mjanja wa mji.

Dada mmoja tuliyepanga naye nyumba moja alikuwa nao tisa. Alishapiga hesabu zake: wakizaana anauza, anaongezea hela ya cherehani. Wiki ya tatu ya pumba wakaanza kuburuta miguu ya nyuma. Ukimshika mmoja analia kama umemchoma moto. Manyoya yamesimama, viungo vimevimba, chakula kipo na hawali. Wakafa watatu ndani ya wiki moja.

Mnajua kilichofuata? Uswahilini hakuna mnyama anayekufa hivi hivi! Maneno yakaanza kwamba mama mwenye nyumba ana kijicho, kwamba pale kuna mkono wa mtu. Salamu zikakatika. Dada wa watu akafungasha vyombo, bado kidogo ahame na kodi ya miezi mitatu aiache humo ndani.

Kumbe mchawi ni pumba! Simbilisi ana kasoro ile ile tuliyo nayo sisi binadamu: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sungura anaweza, mbuzi anaweza, hata panya anaweza. Yeye na wewe mnaitegemea kwenye majani mabichi na matunda, tena kila siku, maana mwilini haikai. Akiikosa wiki mbili tatu anapata kiseyeye, ugonjwa ule ule uliokuwa unawamaliza mabaharia wa zamani.

Wala sikupi stori za kijiweni. Mwaka 1907 mabwana wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wanachunguza ugonjwa mwingine kabisa, beriberi. Wakawalisha simbilisi nafaka tupu, na wanyama wakaugua kiseyeye. Dawa ikawa kabichi mbichi na maji ya limau. Kabichi na limau, jamani, mganga wa nini?

Wale sita wa dada wakaanza kupewa matembele na vipande vya pera asubuhi na jioni. Mmoja akafa, alishachelewa. Watano wakasimama. Na hayo matembele yalitoka kwenye tuta la nani? La mama mwenye nyumba yule yule.

Sasa umlishe nini? Masika huna kisingizio. Kishona nguo, yale majani ambayo mbegu zake zinaganda kwenye suruali, anayapenda sana. Mchunga, majani ya maboga, nyasi laini, mchicha kidogo, vyote twende. Wanaolima ngolo huko milimani wanakata majani, wanayapanga miraba na kuyafukia. Wahi fungu lako kabla udongo haujapigwa. Kiangazi shuka bondeni kwenye bustani za maji, huko matembele hayakauki.

Ila magugu ya chini ya mibuni iliyopigwa dawa usiyaguse. Majani ya parachichi ni sumu kwake, majani ya viazi mviringo na ya nyanya vilevile. Na usiyafunge majani mabichi kwenye mfuko wa plastiki mpaka yapate joto. Akiyala hayo tumbo linajaa gesi, na simbilisi hajui kutapika.

Ukishuka zile kilomita 66 mpaka Mbamba Bay, mtego ni mwingine: mihogo kila kona. Kisamvu unakitwanga na kukichemsha sana kwa sababu kibichi kina sumu ya sianidi. Nyumbani mnakipika vizuri, halafu mnyama unamtupia kibichi? Na ziwani joto si mchezo, banda liwe chini ya mwembe, siyo chini ya bati.

Banda lenyewe mianzi inatosha, ila ibane paka asipitishe mkono. Chini weka majani makavu, uyabadilishe. Sakafu ya waya inachana nyayo. Mimi ningepanda matembele kuzunguka banda lote. Yanatambaa mpaka kwenye mianzi, wenyewe wanachomoa kutoka ndani, na wewe unalala mpaka saa tatu.

Pumba usizitupe. Mpe kidogo, lakini juu ya majani, siyo badala ya majani. Na wewe uliyeniuliza pale stendi kuhusu vidonge vya vitamini C vya kuweka kwenye maji ya kunywa, vinapoteza nguvu haraka mno humo. Nenda gengeni ununue hoho moja, umkatie kipande kila siku, kwa jike mwenye mimba ongeza. Mbegu zake zimwage pale nyuma ya bafu.