Pikipiki ya mashindano isiuzwe kwa mkimbizi kwa siri

BENI – Kijana aliyekimbia kijiji chake na kuacha shamba akifika Beni au Butembo, anatafuta pikipiki ya kubebea abiria. Pikipiki ndiyo jembe lake jipya. Muuzaji anayemletea pikipiki ya mashindano ya porini, iliyoongezwa nguvu, kwa bei ndogo, anamwambia neno moja tu: "Inapanda kila mlima." Mengine anayameza.

Hamwambii kwamba injini ya mashindano huhesabiwa saa, si miaka, na pistoni yake inaweza kuhitaji kubadilishwa baada ya makumi ya saa tu. Hamwambii kwamba kiti ni cha mtu mmoja, taa zilitolewa, na vipande vyake ni shida kupata sokoni. Pikipiki inalala, deni linabaki macho.

Wako wanaosema mnunuzi afungue macho mwenyewe. Hapana! Familia iliyouza mbuzi wa mwisho itaona nini ndani ya injini? Anayejua ubovu ndiye mwenye deni la kuusema.

Kuuza pikipiki iliyobadilishwa si kosa. Kosa ni kuficha. Muuzaji aandike kila kilichobadilishwa, atoe karatasi zote na vipande vya asili, tena akubali fundi wa mnunuzi aifungue. Vyama vya waendesha pikipiki navyo visiruhusu ibebe abiria bila taa wala kiti chao.

Wazazi, muuzaji akikataa fundi, msitoe hata dola moja.