Wapenda kadi mpya hawajapotea njia

Usiku wa tarehe 29 Julai 2021, mjini Brooklyn, jina la Jonathan Kuminga lilisomwa la saba klabu za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya. Alikuwa na umri wa miaka 18, mzaliwa wa Goma, na waliomchukua ni Golden State Warriors. Msimu huohuo kampuni ya Panini ikachapa kadi za kwanza zenye picha yake. Juni 2022 timu yake ikatwaa ubingwa.

Kwa mtu wa Bendera, mkoani Tanganyika, Goma si jirani. Ni safari ya kupanda Fizi, Uvira na Bukavu, kwenye barabara ambayo kila dereva wa huko ana habari zake. Hata hivyo Kuminga ni mtoto wa Mashariki ya Kongo, na kadi yake ni miongoni mwa vitu vichache vinavyozunguka dunia nzima vikiwa na sura ya kijana wa Kivu anayetajwa kwa kazi yake, wala si kwa vita. Hiyo ni sababu tosha ya kuingilia ubishi mkubwa wa wakusanyaji wa kadi za wachezaji: kipi bora, kadi ya zamani au ya kisasa?

Wakongo wengi waliokutana na ubishi huo wako ughaibuni. Familia nyingi za Fizi na za mwambao wa Ziwa Tanganyika zilivuka kwenda Kigoma tangu vita vya 1996, zikaishi kambi ya Nyarugusu, na baadaye baadhi zikapata makazi Marekani, katika majimbo kama Texas na Kentucky. Huko kadi za wachezaji huuzwa kwenye rafu za maduka makubwa, paketi kwa paketi, na mtoto hununua bila kujua atakayemkuta ndani.

Wazee wa ukusanyaji watamwambia mtoto huyo kwamba anapoteza fedha na kwamba thamani iko kwenye karatasi za zamani. Hoja yao ina uzito. Agosti 2022, kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Mwezi huohuo kadi ya Honus Wagner, iliyokuwa ikitiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, ilifika dola milioni 7.25. Hawa ni miamba wa historia ya michezo ya Marekani, na anayewaheshimu hakosei.

Lakini historia hiyo ni ya nani? Mwaka ambao Topps ilichapa kadi ya Mantle, mji wa Kalemie ulikuwa ukiitwa Albertville na Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Mpenda kadi wa Tanganyika anayeambiwa aanze na 1952 anaambiwa aanze mahali ambapo watu wake hawakuruhusiwa kufika. Anaweza kuvutiwa na karatasi ile, ila hana kumbukumbu yoyote ya kuishika nayo. Hakumwona Mantle akicheza, baba yake hakumwona, na hata mchezo wenyewe haukuwahi kuchezwa mtaani kwao.

Atakayejibu kuwa Wakongo nao wana yao ya zamani atakuwa na haki. Mwaka 1974 Zaire, jina la Kongo wakati huo, ilitwaa Kombe la Afrika la soka, Ndaye Mulamba akafunga mabao tisa, na miezi michache baadaye ikawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Panini, kampuni iliyozaliwa Modena, Italia, mwaka 1961, ilitoa albamu ya stika za mashindano yale ya Ujerumani Magharibi. Kwa Mkongo, stika ya zamani ya Leopards, timu hiyo ya taifa, ni hazina. Tatizo ni kwamba zilichapwa na kubandikwa Ulaya, na zilizobaki ziko kwenye madroo na minada ya hukohuko. Karatasi yenyewe nayo haipatani na unyevu wa ziwa. Hubadilika rangi, hukunjamana, na gundi yake huoza.

Kisha ipo zamani ya kati, nayo ina somo lake. Mwaka 1991 Denver Nuggets walimchagua Dikembe Mutombo wa Kinshasa akiwa wa nne. Fleer, Hoops, SkyBox na Upper Deck zote zilitoa kadi zake za mwaka wa kwanza. Aliyezinunua akazitunza vizuri kwa zaidi ya miaka 30 angetarajia kuwa tajiri leo, kwani Mutombo alikuwa mlinzi bora wa ligi mara nne, akaingia katika nyumba ya magwiji wa mpira wa kikapu mwaka 2015, na kabla ya kufariki Septemba 2024 alikuwa amejenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Lakini kadi nyingi za mwaka ule bado zinauzwa kwa dola chache tu. Kampuni zilichapa bila kipimo, na kila aliyenunua alihifadhi. Umri peke yake haukuzipa thamani.

Kadi ya kisasa ilizaliwa kutokana na maumivu hayo. Kampuni zilijifunza kupunguza, kuhesabu na kuonyesha hesabu hiyo mbele ya mnunuzi. Chukua kadi ya Kuminga ya toleo la Prizm la msimu wa 2021–22. Uso wake unang'aa kama kioo. Ukiinamisha kidogo kwenye mwanga, rangi za upinde wa mvua hupita juu ya jezi namba 00. Kadi hiyohiyo ilitolewa kwa rangi mbalimbali, na kadiri rangi ilivyobadilika ndivyo idadi ilivyopungua. Zile za dhahabu ni kumi tu, na kila moja imepigwa namba yake. Kuna nyeusi ambayo iko moja duniani. Matoleo mengine huwa na saini ya mchezaji kwa wino, au kipande cha jezi kilichopachikwa ndani ya karatasi.

Wapo wanaodharau uadimu wa namna hii. Wanasema umetengenezwa kiwandani, ilhali uadimu wa kadi ya zamani umeletwa na maisha yenyewe. Ni kweli kwamba umetengenezwa. Lakini uadimu wa zamani mara nyingi uliletwa na uzembe. Sy Berger, mtu wa Topps aliyesimamia toleo la 1952, alisimulia kwamba mwaka 1960 shehena ya kadi zilizokosa wanunuzi ilipakiwa kwenye tishari ikaenda kumwagwa baharini. Anayenunua Mantle leo analipia pia uamuzi huo wa kusafisha ghala. Anayenunua kadi ya kisasa iliyopigwa namba 3 kati ya 10 anajua anacholipia, kwa sababu kimeandikwa juu ya kadi yenyewe.

Suala la uaminifu nalo linaielemea kadi ya zamani. Ile kadi ya Wagner iliyowahi kuwa maarufu kuliko zote ilinunuliwa mwaka 1991 na nyota wa mpira wa magongo wa barafuni, Wayne Gretzky, pamoja na mshirika wake, kwa dola 451,000. Kampuni ya PSA, inayopima hali ya kadi na kuzipa alama 1 hadi 10, iliipa alama 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane safi. Kadi mpya nazo huchezewa, hilo halifichwi. Ila mtu anayefungua paketi kwa mikono yake mwenyewe anajua kadi ilikotoka. Kadi ya miaka 100 imepita mikono ambayo hakuna anayeweza kuihesabu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kadi mpya ni bahati nasibu, na ushahidi wake uko ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na aliyetafuta kadi zake alikuwa na kila sababu ya kutumaini. Februari 2010 alishushwa ligi ya chini. Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu uleule wa kwanza iliripotiwa kuuzwa kwa dola milioni 5.9. Mwaka huohuo wa 2021, tamaa ilipopanda, maduka ya Target yalisimamisha kwa muda kuuza kadi baada ya wanunuzi kugombana, na PSA ikafunga kwa muda huduma zake za bei nafuu kwa kuzidiwa na maombi.

Anayenunua kadi mpya kwa kutaka utajiri wa haraka basi aonywe. Lakini wengi wanaozipenda hawafuati hilo. Wanataka kumfuata mchezaji aliye hai: kuona dakika zake zikiongezeka, kukasirika kocha anapomweka benchi, kutetea jina lake mbele ya marafiki. Mtanzania mwenye kadi ya Thabeet alipata hayo yote, na kadi yake bado inathibitisha jambo lililotokea kweli. Wala kadi mpya haziwatupi wazee. Panini ilitoa kadi zenye saini ya Mutombo miaka mingi baada ya yeye kustaafu, na saini hiyo ina uzito kuliko rundo la karatasi za 1991.

Soko lenyewe limeanza kukubali. Agosti 2025, kadi ya 2007–08 yenye saini za Michael Jordan na Kobe Bryant iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 12.9, ikaipita ile ya Mantle.

Kinachobaki ni kazi ya nyumbani. TP Mazembe, klabu ya soka ya Lubumbashi, ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, mwaka 2010, na imetwaa ubingwa wa Afrika mara tano. Ina uwanja wake Kamalondo, ina mashabiki hadi vijiji vya Tanganyika, na ina wachezaji wenye mikono ya kutia saini. Ikichapa kila msimu kadi chache za kikosi chake, zilizopigwa namba, zenye saini na bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu, mtoto wa Bendera hatahitaji ndugu wa Texas ili ashike kadi ya mchezaji anayemjua. Shirikisho la soka la Kongo, Fecofa, linaweza kufanya hivyo kwa Leopards, wanaume na wanawake. Mitambo ya kuchapa ipo, na wachezaji wapo sasa hivi, wakiwa bado wanacheza.