Fimbo moja kwa binti wa gofu: tununue ipi?



Wengi wetu tulijua neno Golf kabla ya kujua mchezo wenyewe. Kule Lubumbashi, kilomita kama 90 kutoka hapa kwetu Kasumbalesa, kuna Golf-Météo na Golf-Plateau, na mtu akisema fulani anakaa Golf, tunaelewa nyumba kubwa, ukuta mrefu na mlinzi mlangoni. Kwamba jina hilo linatokana na uwanja ambako watu wazima wanapiga mpira mdogo kwa fimbo, tumelitia maanani mwaka huu tu, kwa sababu ya binti mmoja.

Binti huyo ni mtoto wa mwenzetu anayevuka mpaka kila wiki na mizigo yake. Ana miaka 15. Anakaa Chingola kwa mama yake mdogo, anasoma huko, na kila siku ya posho anafanya mazoezi ya gofu pamoja na vijana wengine. Upande ule wa Copperbelt migodi ilijenga viwanja zamani kwa ajili ya wakubwa wake: Nchanga pale Chingola, Nkana kule Kitwe, na Ndola nako kuna chake. Wakubwa wa wakati ule walikwenda zao, viwanja vikabaki, na watoto wa mitaa ya jirani wakaingia, kwanza wakibeba mifuko ya wengine, kisha wakipiga wenyewe.

Mwezi wa tano zamu ya likelemba ilimfikia mama yake. Binti alikuwa na fimbo tatu tu: ya kusukumia mpira shimoni, chuma namba 7 na chuma namba 9. Sheria ya mchezo inaruhusu hadi 14, lakini hakuna mtoto anayeanza anayehitaji 14. Alichokosa ni fimbo moja ya kupeleka mpira mbali wakati shimo bado halionekani vizuri. Mama alikuwa na dola 40 alizoweza kutoa bila kugusa pesa ya masomo, na sisi tukaongeza 20 kutoka sanduku la chama. Kwa hiyo msiseme hii ni habari ya mtoto wa mtu. Ni pesa yetu, na tuliitumia vibaya. Ndiyo sababu tunaandika.

Tulikwenda wawili pamoja na mama kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, upande wa pili wa mpaka. Alitandika fimbo tatu juu ya turubai. Ya kwanza ilikuwa na kichwa kikubwa cha mviringo kama nusu ya chungwa: hiyo wanaiita fimbo ya mbao, namba 5. Ya pili ilikuwa na kichwa kidogo zaidi, kinene nyuma na bapa mbele, nusu mbao nusu chuma: haibridi. Ya tatu ilikuwa chuma kitupu, chembamba, kinachong'aa: chuma cha kuanzia, ambacho wenye nguvu hukitumia kupiga mpira wa kwanza wa shimo. Haibridi dola 55, mbao dola 50, chuma dola 30. Muuzaji akatuambia kwamba wanaume wanaoshinda vikombe wanatumia hicho chuma. Sisi nasi tukasema, chuma hakivunjiki, na dola 30 zitabaki. Tukalipa, tukarudi nyumbani tukijisifu.

Siku ya posho iliyofuata binti alikipiga mbele ya mama yake. Mpira ulikimbia juu ya majani kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Akarudia mara ishirini. Mara mbili au tatu uliinuka kidogo, urefu wa mtu, ukaanguka. Alihesabu hatua: mpira wa chuma kipya haukuwa unafika mbali kuliko ule wa chuma chake namba 7. Mtoto hakulalamika, na hiyo ndiyo iliyotuuma. Alidhani kosa ni lake. Wiki tatu alijilaumu, akaanza kupiga kwa hasira, mpaka mzee mmoja anayefundisha vijana akaishika ile fimbo, akaitazama, akauliza nani amemnunulia mtoto fimbo ya mwanaume mwenye mabega.

Mzee yule alieleza jambo ambalo tungependa kila mama alijue kabla ya kufungua kitambaa cha pesa. Mpira wa gofu hauinuki kwa sababu mpigaji anaunyanyua. Unainuka kwa sababu uso wa fimbo umelala nyuma kidogo, na kwa sababu fimbo inapita kwa kasi. Fimbo zote tatu zile uso wake umelala karibu sawa, nyuzi kama 18 mpaka 22. Uso uliolala kidogo namna hiyo unadai kasi. Wanawake wanaocheza kwa kulipwa kule Marekani, kichwa cha fimbo yao kubwa kabisa hupita kwa kilomita kama 150 kwa saa. Wanaume wa kulipwa, kama 180. Hata kamyo tupu kwenye barabara ya Likasi haiendi hivyo. Binti wetu wa miaka 15 hayuko hapo bado, na wengi wanaocheza siku za mapumziko hawatafika hapo kamwe.

Sasa kama kasi ni ndogo, nani atasaidia mpira upande? Umbo la kichwa. Fimbo ya mbao ina tumbo pana na uzito wake umewekwa chini na nyuma, kwa hiyo inausukuma mpira kutoka chini hata mpigaji akiwa na kasi ya kawaida. Haibridi inafanya kazi ileile kwa kichwa kidogo. Chuma cha kuanzia kina uzito karibu na uso, hakina tumbo la kutosha, hakisaidii sana. Chenyewe kimetengenezwa ili mpira uende chini, ukate upepo, uanguke na kukimbia mbali. Kwa mwenye kasi hiyo ni faida. Kwa mwingine ni kama kumpa mtoto wa darasa la kwanza mwiko wa kusongea bukari ya matanga.

(Msihangaike na jina la mbao. Zamani kichwa kilichongwa kwa mti kweli. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade na kuanza kuuza zenye kichwa cha chuma, wengine wakafuata, na leo mti haumo tena. Jina limebaki, kama sisi tunavyosema glasi ya plastiki.)

Basi kati ya mbao na haibridi? Hapa hata sisi tulibishana, na tunakiri kwamba jibu si moja. Mbao ni ndefu zaidi, kwa mtu mzima kama sentimita 107, na haibridi kama 102. Urefu unaongeza kasi, na mbao ikipigwa vizuri mpira unaenda juu zaidi na mbali zaidi, kisha unashuka taratibu bila kukimbia ovyo. Lakini fimbo ndefu ni ngumu kuigusisha mpira katikati ya uso, na mtoto anayeanza anakosea mara nyingi. Tena, tumbo lile pana linapenda majani mafupi yaliyokatwa vizuri, au mpira uliowekwa juu ya kijiti. Ardhi yetu ya huku mnaijua. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, udongo unakauka unakuwa kama sakafu. Tumbo pana linaruka juu ya udongo mgumu na kuupiga mpira kichwani. Mvua zikija, majani ya pembeni yanapanda, yanalishika lile tumbo na kuligeuza. Haibridi inapenya pote pawili. Kichwa chake ni kidogo, kinakata majani kama jembe jepesi.

Kuna na vichuguu. Uwanja wa Ndola unajulikana kwa vichuguu vyake, na sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa kichuguu ni nini, tumejenga nyumba kwa matofali yake. Mpira wa chini unakigonga na kurudi. Mpira wa juu unapita.

Haibridi nayo ina kasoro yake: kwa wapigaji wengine wa mkono wa kuume inapenda kuvuta mpira kushoto. Mtoto akiona hivyo kila siku, afadhali ajaribu mbao namba 7, ambayo uso wake umelala zaidi ya namba 5 na ni fupi kidogo. Kwa miaka mingi wanaume waliicheka namba 7, wakaiita fimbo ya wamama na wazee. Mwezi wa 11 mwaka 2020 Dustin Johnson, mmoja wa wanaume wenye nguvu kuliko wote, alishinda Masters akiwa nayo mfukoni. Tangu hapo kicheko kimepungua.

Muuzaji wetu hakusema uongo mtupu. Mwezi wa saba 2006, kule Hoylake Uingereza, Tiger Woods alishinda kwa kuacha fimbo yake kubwa mfukoni. Siku nne aliitumia mara moja tu, akategemea chuma namba 2 kwenye majani yaliyokauka. Lakini yule ni Tiger. Na huyohuyo Tiger, mwezi wa nane 2009, alishindwa na Y. E. Yang wa Korea ya Kusini, ambaye kwenye shimo la mwisho alitoa haibridi, akapitisha mpira juu na kuutua karibu na bendera. Laiti tungejua habari hiyo ya pili tulipokuwa mbele ya turubai.

Ikiwa mnanunua fimbo iliyotumika, haya tuliyaona tumechelewa. Kwenye mti wa fimbo kuna herufi ndogo. L ni laini, kwa wanawake. A ni laini kiasi. R ni ya kawaida. S na X ni ngumu, kwa wenye nguvu. Chuma chetu kilikuwa na S, tulidhani ni alama ya kiwanda. Ulizeni mtoto anapiga kwa mkono gani, maana ya kushoto na ya kuume hazibadilishani. Tikisa kichwa sikioni: kikilia ndani kama njugu, kuna kitu kimelegea. Shika mpini, ukiwa umekauka na kuteleza, kuubadilisha ni pesa nyingine. Na zaidi ya yote, msinunue mtoto asipokuwepo. Viatu vya shule hatumnunulii mtoto bila mguu wake, sasa sijui fimbo tuliichukuaje hivyo.

Yaya mmoja katika mkutano alisimama akauliza kama tumekosa la kufanya. Bei ya unga iko hivi, duane wanatusumbua, na sisi tunajadili mchezo wa matajiri. Swali lake ni la haki na hatukulifunika. Tulimjibu hivi: binti yule anarudi nyumbani kabla ya giza siku ya posho, anajua kuhesabu alama zake mwenyewe bila kudanganya, na amri ya mama mdogo ni kwamba asipoleta matokeo mazuri ya masomo, hakuna kiwanja. Tukamkumbusha pia Madalitso Muthiya, kijana wa Zambia hapo jirani, aliyekwenda kusoma Chuo Kikuu cha New Mexico huko Marekani akikichezea gofu, na mwaka 2006 akawa Mzambia wa kwanza kucheza U.S. Open. Hatusemi binti wetu atafika huko. Yaya akasema, sawa, lakini safari nyingine mpeleke mtu anayejua. Tulikubali.

Mwezi uliopita mama alirudi Chingola pamoja na binti na yule mzee. Kwa dola 30 zilizobaki, na 15 alizoongeza mama mdogo, walipata haibridi namba 4 yenye herufi L, iliyokwaruzika lakini nzima, kwa mchezaji mmoja aliyekuwa akibadilisha zake. Mapigo ya kwanza matano, mawili yaliharibika. La tatu lilipanda juu ya miti. Binti alihesabu hatua 130, akarudi akazihesabu tena kwa sababu hakuamini. Mbao atangoja. Mzee anasema labda mwaka kesho, akishaongezeka urefu.

Kile chuma bado kiko ofisini kwetu, nyuma ya mlango. Ni cha mkono wa kuume, herufi S, mpini bado mzuri, na kichwa hakilii. Anayemjua kaka mwenye mabega, anayecheza Lubumbashi au ng'ambo, amlete siku ya tano baada ya saa nane mchana aje akijaribu kwa mkono wake. Tunakiuza dola 25, na pesa inarudi sandukuni.